Meza Iliyovimba Uso, Kitanda cha Kamba cha Paka

Picha nyingi za vitanda vya paka zinazozunguka kwenye simu zimetoka nchi za baridi: droo ya kabati, ndani yake godoro nene la sponji, juu yake blanketi la manyoya. Mlaze humo paka wa Lamu mwezi wa Februari, kaskazi imelegea na joto limepita nyuzi 30, uone kama atamaliza dakika kumi kabla ya kushuka akajinyooshe kwenye sakafu ya saruji. Wazee wa pwani waliokuwa wakilala humu humu kwenye joto hili walikuwa na jibu lao: fremu ya mbao iliyosukwa kamba, hewa ikipita juu na chini. Mwongozo huu unafuata kitanda hicho, kwa kipimo cha paka, na mbao zake zinatoka kwenye meza ndogo ya sebuleni ambayo umeshaamua kuitupa.

Kwanza, jua unachokata

Lamu si mahali pa kushika msumeno kabla ya kuuliza. Mji wa Kale umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na ndani ya nyumba zake bado kuna vitu vilivyopokezanwa toka kwa bibi hadi kwa mjukuu: viti vya enzi vya mpingo vilivyosukwa kamba mgongoni, makasha ya njumu, samadari zenye miguu ya kukerezwa. Kiti kama hicho kikivunjika mguu bado ni mali. Tena sheria ya Kenya ya Makumbusho na Turathi, ya mwaka 2006, inahesabu kuwa mali kale kitu chochote cha kuhamishika, mbali na kitabu na hati, kilichotengenezwa nchini au kuletwa kabla ya 1895. Kwa hiyo ukiona mbao nzito, imekerezwa kwa mkono, viungo vyake havina msumari hata mmoja, na hakuna aliye hai anayekumbuka iliingia lini nyumbani, ipige picha uende nayo Makumbusho ya Lamu pale mbele ya bahari. Hata ikionekana ni ya juzi, huenda fundi wa fanicha akaitaka kwa bei nzuri. Muuzie, paka mnunulie samaki.

Tunachotafuta sisi ni kitu kisicho na heshima hiyo: meza ya miaka ya karibuni yenye uso wa chipbodi au plaiwudi. Unyevu wa bahari ukishaingia kwenye chipbodi, uso huvimba kama hamri lililotiwa mafutani, na haurudi tena. Lakini chini yake, miguu minne na mbavu zinazoiunganisha mara nyingi ni mbao ya kweli, mvule, mwarobaini au mwembe, na bado ziko imara. Hapo ndipo kitanda kilipo.

Kabla ya kuibeba nyumbani, ipindue. Choma miguu kwa ncha ya bisibisi, hasa mahali palipokuwa pakigusa sakafu yenye maji. Ncha ikizama bila taabu, mbao imeoza. Ukigonga ubavu ukasikia mlio mtupu, au ukaona njia za udongo, ni mchwa. Vitundu vidogo vyenye unga laini mpya chini yake maana yake wadudu bado wamo ndani wakila. Meza za namna hiyo ziache zilipo, kwa sababu dawa nyingi zinazotumika kuziokoa hazifai karibu na paka. Hilo nitalieleza sasa hivi, maana ndipo wengi wanapoharibu.

Usivyopaswa kupaka

Paka hujilamba mchana na usiku. Chochote kilichomo kwenye mbao kitaingia kwenye manyoya, na kutoka kwenye manyoya kitaingia tumboni. Ini la paka pia halina uwezo wa kuvunja baadhi ya kemikali ambazo ini la mtu au la mbwa linazivunja bila shida.

Oili chafu ya injini na mafuta ya taa, vinavyopakwa kwenye nguzo ili kuzuia mchwa, havifai kabisa. Mafuta ya karafuu nayo hayafai, ijapokuwa kwetu ni dawa ya jino na ya kufukuza wadudu. Kiini chake kiko katika jamii ya fenoli, na fenoli ni sumu kwa paka. Sababu ni hiyo hiyo kwa dawa za kusafishia choo zenye harufu kali zinazogeuza maji kuwa meupe. Mafuta ya sifa yanayopakwa vyombo vya baharini yatamfanya paka aulambe ubavu wa kitanda mpaka mbao ilainike, na nyumba nzima inuke papa.

Hatari kubwa kuliko zote ni permethrini. Imo kwenye dawa nyingi za viroboto vya mbwa na kwenye baadhi ya dawa za kupulizia magodoro. Mbwa anaistahimili, paka hutetemeka, hupata kifafa, na anaweza kufa. Soma kibandiko cha chupa kabla ya kupulizia chochote, na ukiona jina hilo, irudishe rafuni.

Rangi ya zamani inayobanduka ni tatizo jingine, kwa kuwa rangi za miaka ya nyuma nyingi zilitiwa madini ya risasi. Ukiipiga msasa mkavu, vumbi lake ni lako, la watoto na la paka. Kama meza imepakwa rangi kuukuu yenye matabaka, tafuta nyingine. Meza mbovu hazijawahi kuadimika.

Vifaa

Msumeno, nyundo yenye makucha, bisibisi, patasi, futikamba na gundi ya mbao. Msasa wa namba 80 na wa 120. Skrubu chache za shaba au za chuma kisichoshika kutu, kwani skrubu za kawaida hewa ya chumvi huzila vichwa. Usipozipata dukani, waulize mafundi wa vyombo. Matondoni na kwingineko wanakounda mashua hawakosi masalio.

Kisha kamba, na hapa usibane mkono. Kamba ya katani ya unene wa milimita 8 ndiyo ninayoipenda. Haitelezi, inashika fundo, na paka anaipenda kwa kunolea kucha, kwa hiyo kochi lako linapumua. Kamba ya kumbi la nazi hudumu zaidi kwenye unyevu, ila ni kali kwa ngozi na hudondosha nyuzi miezi ya mwanzo. Inafaa kitanda cha nje, dakani (kibaraza cha mlangoni) au chini ya makuti ya juu. Kamba ya nailoni iache kwa wavuvi. Ikichakaa hutoa nyuzi ndefu nyembamba ambazo paka huzicheza na kisha kuzimeza. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea kooni, hivyo uzi ukishaanza kuingia ni shida kuutema, na ukifika kwenye utumbo huukunjakunja hadi daktari alazimike kupasua.

Kung'oa uso na kukaza viungo

Pindua meza, fungua skrubu za chini. Zenye kutu zitie tone la mafuta ya cherehani uziache hadi kesho yake. Kama uso umegandishwa kwa gundi, weka kipande cha mbao kwa ndani ukigonge kwa nyundo kidogo kidogo ukizunguka pande zote. Ukipiga mahali pamoja kwa nguvu, utapasua ubavu unaoutaka. Misumari yote iliyobaki ing'oe. Msumari uliopindwa na kuachwa ndani utakata kamba baadaye.

Sasa shika fremu kwa miguu miwili ya mshazari uisokote. Ikilia au ikicheza, usisonge mbele. Kamba zikishakazwa zote zitavuta mbavu kuelekea ndani kwa nguvu kubwa, na kiungo kilicholegea leo kitakuwa kimeachana kabla hujamaliza kusuka. Chomoa ulimi wa mbao kwenye tundu lake, kwangua gundi ya zamani kwa patasi mpaka uone mbao safi (gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu), paka mpya na urudishe. Kama huna bana, zungushia fremu kamba, pitisha kijiti, kisokote mpaka kamba ikaze, halafu kifunge kisirudi. Pima kutoka pembe hadi pembe kwa mishazari yote miwili. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Iache siku nzima.

Fremu ya sentimita 60 kwa 40 inamtosha paka mmoja mzima. Akijikunja atatumia nusu yake, lakini siku ya joto atajinyoosha, na paka wetu hawa wenye miguu mirefu wakijinyoosha hawana adabu. Mbavu ndefu ziwekee mbao moja ya kuzitanua katikati, ikishikwa kwa skrubu karibu na ukingo wa chini, ili ibaki chini ya kamba kwa sentimita nne au tano. Bila hiyo mbavu zitapinda kwa ndani. Ikiwekwa juu sana, paka atalala juu ya mbao badala ya kamba.

Miguu

Sentimita 20 toka sakafuni hadi juu ya fremu zinatosha: fagio linapita chini, hewa inapita, na paka hahitaji kuruka. Kwa paka mzee shusha hadi 12. Pima kila mguu ukianzia juu ya fremu kwenda chini. Meza hiyo huenda ilikuwa ikitetereka tangu siku ya kwanza, na ukipimia toka chini utaihamisha kasoro yake kwenye kitanda. Chora alama pande zote nne za mguu kabla ya kukata, msumeno usiende upande. Kisha isimamishe mahali palipo sawa kweli. Sakafu za nyumba zetu za zamani si kipimo, tumia kioo kipana au mlango uliolazwa.

Msasa

Namba 80 kwanza, halafu 120. Kazi kubwa iko kwenye kingo za mbavu, ile ya juu na ya chini, mahali kamba itakapopinda. Kingo kali hukata kamba, kwa hiyo ziviringishe mpaka ukipitisha kidole usihisi pembe. Mbao ngumu haihitaji kupakwa kitu. Ukitaka kuipendezesha, nta ya nyuki safi ikisuguliwa kwa kitambaa inatosha, au vanishi ya maji kwa sehemu ya nje tu, ikaushwe juani mpaka harufu iishe kabisa. Mafuta ya nazi usijaribu, yatachacha na kuita sisimizi.

Kusuka

Mtande ni kamba zitakazopita upande mfupi, toka ubavu mrefu mmoja hadi wa pili. Mshindio utapita upande mrefu, ukipanda na kushuka kati ya mtande. Ukiacha sentimita 2 toka kamba hadi kamba, na ukitoa nafasi ya miguu pembeni, utapata mistari 25 hivi ya mtande na 15 ya mshindio. Mbavu zikiwa na kimo cha sentimita 6 na unene wa 2.5, kila mstari wa mtande unakula kama sentimita 57 pamoja na mzunguko wa kwenye mbao, na kila wa mshindio 77. Jumla haifiki mita 27. Nunua 35, maana kupanda na kushuka kunakula kamba, na mafundo pia.

Suka kamba ikiwa kavu. Kamba ya katani ikilowa hunenepa na kufupika, ikikauka hurefuka, kwa hiyo ukiisuka mbichi utapata kitanda kilicholegea kesho.

Funga ncha ya kwanza kwa ndani ya ubavu, karibu na mguu. Vuta kamba hadi ubavu wa pili na uipitishe juu yake. Iteremshe kwa nje, ipitishe chini ya mbao, ipandishe kwa ndani, kisha iruke juu ya ile kamba iliyoletwa na uirudishe ulikotoka. Mzunguko huo unajifunga wenyewe: ukivuta unakaza, na mstari unaofuata unaanzia juu ya mbao, sawa na uliotangulia. Sogea sentimita 2 wakati kamba iko chini ya ubavu, si juu, ili mistari isimame wima. Mwanzoni mkono utakosea nafasi. Kata kijiti cha sentimita 2 ukitumie kupimia mpaka jicho lizoee.

Mtande usiukaze kupita kiasi. Ukiubonyeza kwa kiganja ushuke kama sentimita mbili, kwa sababu mshindio ndio utakaoumalizia. Ukiukaza sana toka mwanzo, mistari ya mwisho ya mshindio haitapita.

Mshindio anza nao kutoka ubavu mfupi. Mstari wa kwanza pita juu ya mtande mmoja, chini ya unaofuata. Mstari wa pili kinyume chake. Ukifika ubavuni, mzunguko ni ule ule. Kila baada ya mistari mitatu, isukume kwa ubao mwembamba ili ikae sawa. Kuelekea mwisho nafasi inakuwa finyu na vidole haviingii. Funga ncha ya kamba kwa gundi ya karatasi au iloweke kwenye gundi ya mbao ikauke, ipite kama sindano. Vidole vitauma. Hii ni kazi ya alasiri mbili na si moja, hasa kama kuna paka anayekusaidia kwa kukamata kila kinachotikisika.

Ncha ya mwisho ifunge chini, ndani ya ubavu, kwa fundo linaloweza kufunguliwa, na ubakishe kama sentimita 40 ulizozikunja na kuzichomeka ndani ya msuko. Baada ya wiki chache kamba italegea, hilo ni la kawaida. Utaanza na mstari wa kwanza wa mshindio, uvute ulegevu mzunguko hadi mzunguko mpaka wa mwisho, halafu ufunge upya. Nyuzi zote zinazoning'inia zikate.

Matandiko

Kipande cha mkeka wa miaa uliochakaa, kikatwe kwa kipimo na kushonwa kingo, kinatosha miezi ya kaskazi. Kipupwe kikija na kusi likianza kuvuma, ongeza kimto chembamba. Kijaze sufi: ni nyepesi, hainywi maji upesi, na ikianikwa hukauka na kufura tena. Usumba pia unafaa ukiwekewa kitambaa kizito, na tanga kuukuu la pamba likifuliwa mara kadhaa kutoa chumvi ndilo kitambaa kizito kuliko vyote utakavyovipata bure. Sponji sipendi, kwa kuwa hushika mkojo, hushika unyevu, na haikauki ndani hata ukiianika mchana kutwa.

Unyevu huo ndio unaolea viroboto. Mayai ya kiroboto hayabaki mwilini mwa paka, hudondoka pale anapolala. Mabuu yake hukimbia mwanga na kujificha kwenye nyufa zenye unyevu. Kitanda cha kamba hakina nyufa nyingi za kujifichia, na mayai mengi yataangukia sakafuni ambako ufagio unafika. Kwa hiyo fagia chini yake kila siku, matandiko yafue kwa maji ya moto ya nyuzi 60 kila wiki, na kitanda chenyewe ukitoe juani adhuhuri ukikung'ute. Paka mwenyewe mpe dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka.

Pa kukiweka

Usimchagulie. Angalia analala wapi sasa hivi saa nane za mchana, ukiweke hapo hapo. Katika nyumba ya Lamu itakuwa ni ukingo wa kiwanda, yaani ua wa ndani, penye kivuli, au ndani ya daka upepo unapopenya. Kusi likija na mvua zake, kisogeze ndani, kiwanda hakifai. Siku ya kwanza tandika leso yako kuukuu ambayo haijafuliwa. Harufu yako itafanya kazi kuliko kumbeba na kumlaza kwa nguvu, jambo ambalo paka halisamehi haraka. Paka wa mtaani asiyezoea mikono muwekee dakani, urudi ndani.

Paka mwenye watoto, na mbwa wa Malindi

Kitanda cha kamba hakimfai paka anayenyonyesha. Watoto wachanga hawawezi kujipasha joto wenyewe, wanahitaji kuta na chini palipozibwa. Hapo ndipo droo ya kabati inapopata kazi yake. Chukua yenye kina cha sentimita 15 hadi 20, kata ubavu wa mbele ushuke hadi sentimita 10 ili mama aingie bila kuwakanyaga, piga msasa, itandike kitambaa cha pamba kisicho na nyuzi za kunasa kucha, na iweke pembeni penye giza. Vishikio vya chuma vitoe. Watoto wakianza kupanda ukuta wenyewe, kama wiki ya nne, droo imekwisha kazi.

Malindi, ambako nyumba nyingi za nje ya mji zina mbwa wa ulinzi, fremu ni ile ile ila kubwa: meza ya sentimita 100 kwa 60 kwa mbwa wa kilo 25, kamba ya milimita 10, mbao mbili za kutanua badala ya moja, na miguu usiishushe chini ya 15, kwani mbwa hulala nje na mvua hutiririka. Msuko uwe wa karibu zaidi, makucha yasizame. Mbwa mdogo anayetafuna kila kitu usimsukie kamba kwanza. Mkazie turubai la pamba juu ya fremu, likunjwe chini ya mbavu na kushikwa kwa skrubu zenye vibati, na skrubu hizo uzikague kila baada ya mvua.